Fungu na mtumba: nyota za kale juu ya Majanji

Mtumba ukifika dukani kwangu hapa Busia huwa mgumu kama jiwe. Kilo 45 za sweta, zimeshindiliwa kwa mashine huko zilikotoka, zikafungwa mikanda. Ukiupiga ngumi unaumia wewe. Naingiza kisu chini ya mkanda wa kwanza, naukata. Wa pili. Wa tatu. Ukikatika wa mwisho, nguo zinavuta pumzi. Mara nyingi mzigo wote unafumuka na sweta zinateleza hadi mlangoni. Lakini ipo mitumba iliyoshindiliwa kwa nguvu isiyo ya kawaida. Hiyo hata ukikata mikanda yote inabaki imesimama palepale, imeshikana, mpaka ubandue nguo mojamoja kwa vidole.

Nimeifanya kazi hii miaka 19, na ni mikanda hiyo iliyonisaidia kuelewa jambo lililotokea zaidi ya miaka bilioni 12 iliyopita: jinsi makundi ya kale ya nyota zilizobanana yalivyozaliwa. Nalifikiria karibu kila siku tangu Julai 2024. Nimeamua kulieleza lote kwa Kiswahili, kwa sababu mimi nililisoma kwa shida, kwa simu, usiku, kwa lugha ya shuleni, na ningependa mtoto wa jirani yangu sokoni alipate kwa lugha anayoitumia kununua nyanya.

Nianze na darubini. Niliinunua kwa dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni ya mpakani mpaka pesa ya chakula ikamwishia. Ni ile ya macho mawili, ya kushika mkononi. Ubavuni imeandikwa 10x50, yaani inakuza mara 10, na kila lenzi ya mbele ina upana wa milimita 50. Sikumwomba apunguze bei.

Ijumaa ya tarehe 5 Julai 2024 nilifunga duka mapema, nikapanda boda na binti yangu hadi Majanji, upande wetu wa Uganda, ufukweni mwa Ziwa Victoria, kwa mjomba. Mjomba huvua mukene, wale ambao wenzetu wa Kenya, ng'ambo ya pili ya mpaka, huwaita omena na Watanzania dagaa. Mukene huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipoonekana, kwa sababu samaki hao hufuata taa, na taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi. Zamani zilikuwa karabai za mafuta. Siku hizi ni balbu za betri, zinachajiwa kwa sola, zinafungwa juu ya maboya na kuachwa zielee. Basi usiku unaomfaa mvuvi wa mukene ndio huohuo unaomfaa mtu wa nyota, na mimi na mjomba tumepatana vizuri sana tangu nilipoligundua hilo.

Kwa Majanji kusini ni maji. Nilikaa mchangani nikaelekea huko. Saa mbili na robo usiku Msalaba wa Kusini ulikuwa umeanza kulalia kulia. Kushoto kwake kuna nyota mbili zinazong'aa sana, Alpha Centauri na Hadar. Anza na Hadar, ile iliyo karibu zaidi na Msalaba. Nyoosha mkono, kunja ngumi, panda juu kiasi cha ngumi moja na nusu ukielekea kulia kidogo. Hapo pana kinyota kilichofifia, ambacho kwa macho matupu kinaonekana kama kimetiwa ukungu. Ukikitazama kwa darubini si kinyota tena. Ni duara jeupe, pana karibu kama mwezi mpevu, zito katikati, likififia pembeni kama tone la maziwa lililoanguka kwenye chai ya rangi kabla hujaikoroga.

Nilishika pumzi ili mikono isitetemeke. Binti yangu akaninyang'anya darubini kabla sijashiba.

Hiyo ni Omega Centauri. Jina lenyewe lilitokana na kosa la macho: watu wa kale waliiorodhesha kuwa nyota moja, na mwaka 1603 mchora ramani za nyota Johann Bayer akaipa herufi ya Kigiriki, omega, kama anavyoipa nyota yoyote. Mwaka 1677 mwanaastronomia Edmond Halley, akiwa kisiwani Saint Helena, aliona kwamba ni doa la ukungu. Baadaye darubini kubwa zaidi zilionyesha ukweli: nyota zipatazo milioni 10, zimebanana ndani ya tufe lenye upana wa miakanuru 150 hivi. Mwakanuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja. Kutoka kwenye jua letu hadi nyota iliyo jirani yetu kabisa ni miakanuru 4 na ushee. Katikati ya Omega Centauri, nyota na nyota zimeachana kwa wastani wa sehemu ya kumi tu ya mwakanuru mmoja. Anayeishi huko, kama yuko, hajui giza la kuvulia mukene.

Mjomba alikuwa anafunga maboya. Akauliza, "Na hiyo ina umri gani, mwanangu?"

Nikamwambia kama miaka bilioni 12, na ulimwengu wote una bilioni 13.8. Akanyamaza. Nikamwongezea kwamba nuru aliyokuwa anaitazama iliondoka kule yapata miaka 17,000 iliyopita, wakati ambapo hapa alipoegesha boti hapakuwa na ziwa. Wanajiolojia wamesoma matope ya chini ya Ziwa Victoria na kukuta kwamba lilikauka, kisha likaanza kujaa tena karibu miaka 15,000 iliyopita. Nuru ilikuwa njiani tayari. Hilo ndilo lililomgusa, kuliko zile bilioni. Aliinama akashika maji kwa kiganja, kisha akasukuma boti.

Sasa neno. Wanaoandika elimu ya nyota kwa Kiswahili huliita kundi la namna hii fungunyota. Nalipenda neno hilo, ila kwa mtu wa soko linasema jambo fulani. Fungu ni lile la nyanya: tano chini, moja juu, ukigusa meza zinabiringika. Kilimia ni fungu hasa. Kina nyota kama elfu moja, zimezaliwa pamoja kama miaka milioni 100 iliyopita, ziko umbali wa miakanuru 440 hivi, na zimeshikana kwa ulegevu. Miaka milioni mia chache ijayo zitakuwa zimetawanyika, kila moja na njia yake. Omega Centauri na ndugu zake, ambao katika Njia Nyeupe, jiji la nyota tunamoishi, wanajulikana zaidi ya 150, ni mtumba. Na mtumba, kabla neno hilo halijahamia kwenye nguo, ulikuwa ni mzigo uliofungwa na kukazwa.

Nani aliikaza?

Jibu la kwanza nililosoma lilikuwa zuri mno. Mwaka 1968 wanafizikia Robert Dicke na James Peebles walipiga hesabu: baada ya Mlipuko Mkuu, ule mwanzo wa ulimwengu, gesi ilipopoa kiasi cha kuanza kujikusanya kwa uvutano wake yenyewe, mabonge ya kwanza yangekuwa na uzito wa laki chache hadi milioni kadhaa za jua. Huo ndio uzito wa fungunyota tufe, yaani lile la mviringo kama Omega Centauri. Kwa hiyo, walisema, mafungunyota haya yalitangulia kuzaliwa, na galaksi, yaani majiji ya nyota kama Njia Nyeupe, zikaja baadaye. Nililishika wazo hilo miezi kadhaa. Lilinipa picha ya nyota za mwanzo kabisa, watu wa kale kuliko mji wao.

Aliyeniondoa hapo ni jirani yangu anayekaanga mandazi. Asubuhi mafuta yake ni meupe kama maji, mandazi yanatoka na rangi ya dhahabu. Jioni mafuta yamekuwa meusi, na andazi lolote linalotoka humo limebeba weusi wa yote yaliyotangulia. Ulimwengu nao uko hivyo. Gesi ya mwanzo ilikuwa haidrojeni na heli, karibu basi. Chuma, kalsiamu na oksijeni zilipikwa ndani ya nyota na kumwagwa zilipolipuka, na kila kizazi kikatia giza kidogo kwenye mafuta. Ukipima chuma ndani ya nyota unajua zilikaangwa saa ngapi. Mafungunyota tufe mengi yana chuma kidogo sana, ni ya asubuhi. Lakini hakuna hata moja katika haya tunayoyajua lisilo na chuma kabisa. Tena mengine, kama 47 Tucanae, yana chuma cha kutosha, na galaksi kubwa huwa na mafungunyota yenye chuma kingi kuliko ya galaksi ndogo. Maana yake yalizaliwa jikoni, ndani ya galaksi ambazo tayari zilikuwa zinapika.

Ushahidi mwingine ulikuja miaka ya 1990, darubini ya anga ya Hubble ilipotazama galaksi mbili zinazogongana, ziitwazo Antennae. Pale gesi ilipogongana na gesi, yalionekana mafungunyota zaidi ya elfu moja, yanang'aa, machanga, na baadhi yana uzito wa fungunyota tufe kamili. Yanazaliwa sasa. Basi haikuwa lazima kurudi mwanzo wa ulimwengu kupata mtumba. Kinachotakiwa ni mashine ya kushindilia.

Hapa ndipo mikanda yangu inapoingia, na naomba msomaji asiharakishe.

Nyota huzaliwa ndani ya wingu la gesi baridi. Sehemu fulani ya gesi inakuwa nyota, nyingine inabaki gesi, na uvutano wa hiyo gesi iliyobaki unasaidia kuzishika nyota pamoja. Gesi ndiyo mkanda. Lakini katika watoto wale wapo wakubwa, wazito mara makumi kuliko jua letu, na hao wana haraka. Nuru yao kali na upepo wao huanza kuisukuma gesi nje papo hapo, na baada ya miaka kama milioni 3 wa kwanza wao wanalipuka. Gesi inafukuzwa na mkanda unakatika. Kwenye wingu la kawaida la galaksi yetu ya leo, ni asilimia chache tu ya gesi inayokuwa imegeuka nyota wakati huo. Mkanda ukikatika, nyota zinafumuka kama sweta hadi mlangoni. Ndiyo maana nyota nyingi unazoziona angani ziko peke yake, na jua letu pia.

Sasa lichukue wingu lenye uzito wa milioni za jua, ulikandamize hadi upana wa miakanuru michache tu. Gesi ikiwa nzito hivyo, inaporomoka haraka kuliko nyota kubwa zinavyoweza kuizuia. Sehemu kubwa inageuka nyota kabla mlipuko wa kwanza haujatokea. Kisha milipuko inakuja, gesi iliyobaki inafagiliwa, mikanda yote inakatika, na nyota zinabaki zimesimama palepale. Zinashikana zenyewe kwa zenyewe.

Kandamizo la namna hiyo halipatikani kirahisi katika Njia Nyeupe ya sasa. Galaksi changa zilikuwa nalo. Zilikuwa ndogo, zimejaa gesi kuliko nyota, gesi mpya inamiminika ndani yake bila kukoma, na majirani wanagongana mara kwa mara. Shinikizo ndani ya gesi yao lilikuwa mara mamia, pengine maelfu, ya lile lililopo leo katika ujirani wa jua. Kwa galaksi ya namna ile, kuzaa fungunyota zito ilikuwa kazi ya kila siku. Hili ndilo ninalotaka lieleweke kuliko yote: hapakuhitajika muujiza wa pekee. Njia ya kuzaa nyota ni ileile, ila mashine ilikuwa na nguvu zaidi.

Na sasa yameonekana. Niliposoma habari hii nilikuwa nimekaa juu ya mtumba ambao sijaufungua, nikashindwa kuamka. Mwezi Juni 2024, kundi la wanaastronomia likiongozwa na Angela Adamo wa Chuo Kikuu cha Stockholm lilichapisha kile darubini ya anga ya James Webb ilichokiona katika utepe mwembamba wa nuru uitwao Cosmic Gems. Utepe huo ni galaksi moja changa, ambayo nuru yake iliondoka ulimwengu ukiwa na miaka milioni 460 tu. Mbele yake, kwa bahati, lipo kundi kubwa la galaksi ambalo uzito wake unapinda nuru na kuikuza. Nilimwonyesha binti yangu kwa kitako cha chupa ya soda: taa ya mbali ukiitazama kupitia pale inavutika, inajikunja, mara nyingine inakuwa mbili. Galaksi ile nayo imejitokeza mara mbili, kama mtu na kivuli chake kwenye maji. Ndani yake kuna vitone vitano vya nuru, kila kimoja na upana wa miakanuru michache, kila kimoja na uzito wa milioni ya jua hivi, na vyote vitano vimo ndani ya eneo lisilofika miakanuru 250. Umri wao wakati ule haukufika miaka milioni 50. Sehemu kubwa ya nuru kali ya galaksi nzima ilitoka kwenye hivyo vitano.

Mitumba mitano, ndiyo kwanza imetoka kwenye mashine.

Desemba ya mwaka huohuo ikachapishwa nyingine, galaksi waliyoipa jina la kimulimuli kwa sababu mafungunyota yake kumi yanametameta kama wale wadudu wa kwenye nyasi. Yenyewe ni ya miaka kama milioni 600 baada ya mwanzo, na uzito wake unakaribiana na ule ambao Njia Nyeupe yetu ilikuwa nao ikiwa mtoto. Hiyo hunigusa zaidi. Ni kama kuokota kwenye mzigo picha ya mtoto usiyemjua, ukaona sura yake ni ya baba yako.

Kuzaliwa ni nusu tu ya habari. Mahali palipoyakaza ndipo palipokuwa hatari kwao kuliko pote. Diski ya galaksi changa imejaa mawingu mazito ya gesi, na kila fungunyota linapopita karibu na wingu linavutwa huku na huku, nyota za pembeni zinachomoka. Mengi yalimalizwa hivyo mapema kabisa. Yaliyobaki ni yale yaliyotolewa pale: galaksi mbili zinapogongana, au kubwa inapoimeza ndogo, mafungunyota hurushwa nje, mbali na mawingu, kwenye pembe tulivu zinazoizunguka galaksi pande zote. Huko hakuna wa kuyavuruga. Yamekaa miaka mabilioni. Mwanaastronomia Harlow Shapley mwaka 1918 alitazama jinsi yalivyotapakaa huko: aliona yamejaa zaidi upande wa kundinyota la Mshale, akahitimisha kwamba kitovu cha galaksi kiko huko na kwamba jua letu liko pembeni.

Kumezana hakujaisha. Mwaka 1994 iligunduliwa galaksi ndogo upande huohuo wa Mshale, inararuliwa na yetu hadi leo, na fungunyota M54, ambalo Charles Messier aliliona mwaka 1778, liko katikati yake. Ramani za nyota zilizochorwa na chombo cha anga cha Gaia zilionyesha mwaka 2018 kwamba yapata miaka bilioni 10 iliyopita tulimeza nyingine kubwa zaidi, na mafungunyota yake sasa tunayahesabu kama yetu.

Na Omega Centauri yenyewe? Mafuta yake yana rangi nyingi. Ina nyota za chuma kidogo, za wastani, na za chuma zaidi, yaani jiko lile lilipika zaidi ya mara moja, jambo ambalo fungunyota la kawaida haliwezi. Wengi wanaamini ni moyo wa galaksi iliyomezwa, nyama zote zimekwisha ukabaki moyo. Siku tano tu baada ya usiku wetu wa Majanji, tarehe 10 Julai, ilitangazwa kwamba picha za Hubble za zaidi ya miaka 20 zimeonyesha nyota saba karibu na katikati yake zinazokimbia kupita kiasi. Kinachozishika, walisema, ni shimo jeusi, kitu kizito ambacho hata nuru haitoki ndani yake, lenye uzito usiopungua jua 8,200. Nilikuwa nimelitazama bila kujua.

Alfajiri ile taa zilianza kurudi. Usiku kucha zilikuwa zimetapakaa majini, moja huku, tatu kule, na sasa zikasogea pamoja kuelekea ufukweni, moja baada ya nyingine ikizimwa. Nyuma yetu, upande wa nchi kavu, Kilimia kilikuwa kimeshapanda. Waswahili husema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mjomba alikitazama kwa darubini kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaanza kuhesabu kwa sauti, akapita 20, akaniambia nimshikie kamba ya boti amalize.

Binti yangu akauliza vile vitone vitano vya kwenye utepe viko wapi leo. Nikamjibu kwamba huenda kimoja au viwili vimefumuliwa zamani sana, na nyota zake zimechanganyika na nyingine. Kama kipo kilichorushwa nje kwa wakati, kinaning'inia pembeni ya galaksi yake, kimepungua, nyota zake kubwa zimekufa, zilizobaki ni ndogo na nyekundu, kizee kama hiki cha kwetu. Na mtu wa huko akiwa na darubini kama Webb, akielekeza huku, haoni jua letu wala dunia. Anaona galaksi ndogo iliyojaa gesi, na ndani yake vitone vya buluu vilivyozaliwa majuzi.

"Kimoja ni hiki?" akaonyesha kusini, ingawa Omega Centauri ilikuwa imeshazama.

"Au kimoja cha ndugu zake," nikasema.

Mjomba akatuita. Mukene walikuwa wamejaa kwenye boti, wanang'aa, na jua lilikuwa karibu kutoka, ikabidi tukasaidie kuanika.